Sindano na Dripu kwa Ugonjwa wa Miguu Isiyotulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo yanawahusu watu wazima wanaosumbuliwa na miguu nyakati za usiku na wanaotaka kujua kama kuna sindano ya kuwasaidia. Wajawazito, watoto na wagonjwa wa figo wana maswali yao katika sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Ugonjwa wa miguu isiyotulia ni upi hasa?

Ni hali inayomfanya mtu ashikwe na hamu kubwa, isiyozuilika, ya kuichezesha miguu, mara nyingi pamoja na hisia mbaya iliyo ndani kabisa ya misuli: wengine husema ni kama wadudu wanatembea mifupani, wengine husema miguu inavutwa, inatekenya au inawaka. Hamu hiyo huanza au huzidi mtu anapokaa au kulala, hupungua anaponyanyuka na kutembea, na huwa mbaya zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi. Daktari huutambua kwa mambo hayo pamoja na kuhakikisha kwamba hakuna hali nyingine, kama vile mkakamao wa misuli, miguu kuvimba au mishipa ya fahamu kuharibika, inayoeleza dalili zote peke yake.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Tabibu Mwingereza Thomas Willis aliueleza mwaka 1672, na Msweden Karl-Axel Ekbom akauchunguza kwa kina katika miaka ya 1940. Ndiyo maana huitwa pia ugonjwa wa Willis-Ekbom.

2. Je, kuna sindano inayoutibu?

Ipo tiba moja ya kuingizwa mwilini kwa sindano yenye ushahidi wa kutosha, nayo ni madini ya chuma yanayopitishwa kwenye mshipa wa damu kwa dripu. Hutolewa kwa kuangalia kiasi cha chuma kilichomo mwilini, wala si kwa kuangalia ukali wa dalili. Mgonjwa ambaye hajalala kwa wiki nzima lakini ana akiba kubwa ya chuma hatapewa dripu hiyo, ilhali mwenye dalili za wastani na akiba ndogo anaweza kuwa ndiye hasa anayeihitaji.

Sindano nyingine ambazo watu huziulizia, za vitamini, za sumu ya botulinumu, za mgongoni na za kukausha mishipa iliyovimba, ama hazijathibitishwa ama hutibu ugonjwa mwingine unaofanana na huu. Zimeelezwa katika swali la 13 hadi la 16.

3. Madini ya chuma yanahusianaje na miguu?

Tatizo halianzii miguuni bali katika ubongo. Uchunguzi wa maji ya uti wa mgongo, picha za MRI na ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa huu umeonyesha kwamba baadhi ya sehemu za ubongo wao zina chuma kidogo kuliko kawaida, hata pale ambapo damu yao haina upungufu wowote. Chuma hicho kinahitajika na kimeng'enya kinachotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili, na kikipungua utaratibu wa dopamini huvurugika, hasa nyakati za usiku.

Kuna urithi pia: watu wengi wenye ugonjwa huu wana mzazi au ndugu wa damu anayeugua vilevile, na inaonekana kwamba kwa baadhi yao chuma hupata shida kuvuka kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Kwa hiyo lengo la dripu ni kuijaza akiba ya mwili mpaka ubongo nao upate fungu lake, jambo linalohitaji kiasi kikubwa kuliko kile cha kutibu upungufu wa damu peke yake.

4. Kwa nini nipigwe dripu badala ya kumeza vidonge vya kuongeza damu?

Huenda vidonge vikakutosha, na kwa wengi ndivyo vya kuanzia. Shida ni kwamba utumbo una mlinzi wake: homoni iitwayo hepsidini hupanda kadiri akiba ya chuma inavyoongezeka, na ikishapanda utumbo hukataa kupokea zaidi. Mtu mwenye feritini (kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma) ya 20 atafyonza vizuri chuma cha kidonge. Mwenye feritini ya 80 atafyonza kidogo mno, hata akimeza kwa miezi. Dripu hupita kando ya mlango huo.

Anayemeza vidonge hushauriwa kutumia dozi moja kwa siku au kila baada ya siku moja, kwa kuwa dozi za karibu karibu huipandisha hepsidini na kuharibu ufyonzaji wa dozi inayofuata. Chai, kahawa, maziwa na dawa za kupunguza asidi tumboni huzuia ufyonzaji pia. Dripu hufikiriwa mapema zaidi kwa mtu ambaye vidonge vimemshinda kwa kufunga choo na kichefuchefu, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au mwenye ugonjwa wa utumbo unaozuia ufyonzaji, aliyetumia vidonge kwa takribani miezi mitatu bila nafuu, au ambaye dalili zake ni kali kiasi kwamba kusubiri ni mateso.

## Kabla ya dripu

5. Ni vipimo gani vinavyohitajika, na namba zake zinasomwaje?

Vinahitajika viwili: feritini, inayoonyesha akiba ya chuma, na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma) iliyobeba chuma, inayoonyesha kiasi kinachosafiri katika damu kwa wakati huo. Damu itolewe asubuhi, na mtu asiwe ametumia kidonge cha chuma, wala vitamini zilizochanganywa na chuma, katika saa 24 zilizotangulia, kwa sababu kidonge cha jana usiku chaweza kupandisha majibu na kumnyima mtu tiba anayoistahili.

Mwongozo wa mwaka 2025 wa Akademia ya Marekani ya Tiba ya Usingizi unasema kwamba mtu mzima aongezewe chuma, kwa vidonge au kwa dripu, iwapo feritini yake ni 75 au chini yake kwa mikrogramu kwa lita, au iwapo asilimia ya transferini iko chini ya 20. Feritini ikiwa kati ya 75 na 100, dripu pekee ndiyo inayofaa, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 4.

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotea. Feritini ya 40 hurudi kutoka maabara ikiwa imeandikwa "kawaida", mgonjwa akaambiwa hana tatizo la chuma, na hadithi ikaishia hapo. Kiwango cha maabara kimewekwa kwa ajili ya kutambua upungufu wa chuma kwa watu wote kwa jumla, si kwa ajili ya miguu isiyotulia. Omba uoneshwe namba yenyewe, usiridhike na neno.

6. Kipimo cha wingi wa damu kimesema niko sawa. Bado naweza kuhitaji chuma?

Ndiyo. Hemoglobini hushuka baada ya akiba kuisha kwa muda, na ubongo huweza kuanza kukosa chuma muda mrefu kabla ya hapo. Upungufu wa damu si sharti la kupewa dripu kwa ugonjwa huu, na daktari anayetumia hemoglobini peke yake kukataa hajapima kinachohusika.

7. Nani hapaswi kupewa dripu ya chuma?

Asipewe mtu mwenye ugonjwa wa chuma kuzidi mwilini, wala yule ambaye asilimia yake ya transferini ni 45 au zaidi, hata kama feritini yake inaonekana ya chini. Wagonjwa wa selimundu au thalasemia walioongezewa damu mara nyingi huwa tayari wana chuma cha ziada, hivyo wahitaji uangalizi wa daktari wao wa damu. Mwenye maambukizi makali husubiri apone kwanza. Aliyewahi kupata mzio mkali kutokana na dripu ya chuma lazima aseme, hata kama ilikuwa miaka mingi iliyopita na dawa ya aina nyingine.

Jambo moja huchanganya: feritini hupanda pia mwili unapokuwa na uvimbe wa ndani, maambukizi, ugonjwa wa ini au baridi yabisi. Feritini ya 180 kwa mtu mwenye baridi yabisi inaweza kuficha upungufu wa kweli, na hapo asilimia ya transferini ndiyo yenye kuaminika zaidi.

## Dripu yenyewe

8. Dawa za chuma za dripu zinatofautianaje?

Kila moja ni chuma kilichofungwa ndani ya ganda la sukari, na ugumu wa ganda hilo ndio unaoamua chuma kinaachiliwa kwa kasi gani. Iliyochunguzwa zaidi kwa ugonjwa huu ni karboksimaltosi ya chuma, ambayo mwongozo uliotajwa katika swali la 5 unaipa nafasi ya juu. Kwa kawaida mtu mzima hupewa miligramu 1,000, ama kwa mara moja ama kwa mafungu mawili ya miligramu 500 yanayotenganishwa na siku tano hadi saba.

Dekstrani ya chuma ya molekuli ndogo na ferumoksitoli hukubalika pia, ingawa ushahidi wake ni hafifu kidogo. Ya kwanza hutanguliwa na dozi ndogo ya majaribio. Ya pili huweza kuvuruga picha za MRI kwa muda wa hadi miezi mitatu, kwa hiyo mwenye miadi ya MRI aseme mapema. Sukrosi ya chuma, ambayo hupatikana kwa urahisi sehemu nyingi, huachilia chuma haraka mno na hutolewa kwa dozi ndogo ndogo. Kwa miguu isiyotulia mwongozo huo hauipendekezi, isipokuwa kwa wagonjwa wa figo wanaoelezwa katika swali la 18. Kwa hiyo kuambiwa tu "utapata dripu ya chuma" hakutoshi. Uliza ni chuma gani.

9. Siku ya dripu inakuwaje?

Muuguzi huweka kanula, yaani mrija mwembamba wa kupitishia dawa, mkononi na kuipitisha maji kwanza ili kuhakikisha kwamba imekaa ndani ya mshipa. Dawa ni ya rangi ya kahawia iliyoiva, na karboksimaltosi huchukua takribani dakika 15 kuisha. Wakati inapopita, mgonjwa atazame pale kanula ilipoingia: akihisi kuungua au kuona ngozi inavimba aseme papo hapo, kwa maana chuma kikivuja nje ya mshipa huacha doa la kahawia linaloweza kudumu kwa miezi au miaka. Baadaye kanula husafishwa kwa maji tena, na mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa angalau nusu saa kabla ya kuondoka.

Hakuna haja ya kukaa na njaa, na wengi hurudi kwenye shughuli zao siku hiyohiyo. Tiba hii haifai kufanyiwa nyumbani wala mahali pasipokuwa na dawa na watu wa kushughulikia mzio wa ghafla.

10. Madhara yake ni yapi?

Madhara ya kawaida ni kichwa kuuma, kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni, na maumivu ya viungo au homa nyepesi katika siku moja au mbili zinazofuata. Mzio mkali unaoshusha shinikizo la damu na kuziba pumzi ni nadra, lakini ndio sababu ya uangalizi uliotajwa hapo juu.

Kuna hali nyingine inayodhaniwa kuwa mzio na sivyo: dakika chache baada ya dripu kuanza, kifua hubana, mgongo huuma na uso hupata joto, lakini shinikizo la damu halishuki na ngozi haitoki vipele. Dripu ikisimamishwa, hali hiyo huisha yenyewe, na mara nyingi dawa huweza kuendelea kwa mwendo wa polepole. Katika dakika hizo wahudumu wengine hukimbilia sindano ya dawa ya mzio inayoleta usingizi, na kwa mgonjwa wa miguu isiyotulia dawa hiyo huchochea dalili usiku ule ule. Tazama swali la 20.

Karboksimaltosi ina dosari yake ya pekee: huifanya figo imwage fosfeti kwenye mkojo. Kwa dozi moja mara nyingi hakuna kinachoonekana, lakini anayerudia dripu na kisha akahisi uchovu usioeleweka, misuli dhaifu au mifupa kuuma apimwe fosfeti kabla ya dripu nyingine.

11. Nitapata nafuu lini, na itadumu kwa muda gani?

Usitarajie usiku wa kwanza. Chuma kilichoingia kwenye damu humezwa kwanza na seli za ini na bandama, kisha hutolewa kidogo kidogo na kubebwa hadi ubongoni. Wengi wanaonufaika huanza kuona tofauti baada ya wiki nne hadi sita, na haifai kuamua kwamba dripu imeshindwa kabla ya wiki 12. Si kila mtu hupata nafuu. Wapo wanaopona karibu kabisa, wapo wanaopungukiwa dalili, na wapo wasioona lolote ijapokuwa feritini yao imepanda vizuri.

Nafuu ikipatikana hudumu kwa miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Dalili zikirudi, hupimwa upya, na dripu huweza kurudiwa iwapo zimepita angalau wiki 12 na vipimo bado vinaruhusu. Feritini isipimwe katika wiki chache za mwanzo baada ya dripu, kwani hupanda juu mno kwa muda na kudanganya. Na akiba ikiwa inashuka haraka kila mara, lazima itafutwe inakopotelea: hedhi nzito, kidonda cha tumbo, bawasiri, au hata uchangiaji wa damu, ambao kwa chupa moja huondoa takribani miligramu 200 hadi 250 za chuma.

12. Je, niache dawa zangu za miguu baada ya dripu?

Usiziache kwa ghafla. Anayetumia pramipeksoli au ropiniroli, dawa zinazoiga dopamini, akiikata siku moja huweza kupata siku kadhaa za dalili kali kuliko zote alizowahi kuzijua. Dawa hizo, zikitumiwa kwa muda mrefu, zina tabia ya kuugeuza ugonjwa uwe mbaya zaidi: dalili huanza mapema mchana, hupanda hadi mikononi, na kila dozi inayoongezwa husaidia kwa muda mfupi tu. Mtu aliyefikia hapo ni miongoni mwa wanaopaswa kupimwa chuma kwanza, kwani akiba ndogo huchangia mgeuko huo, na akiba ikishajazwa kupunguza dawa polepole kwa uangalizi wa daktari huwa rahisi. Gabapentini na pregabalini nazo hupunguzwa taratibu.

## Sindano nyingine zinazoulizwa

13. Sindano ya chuma ya kwenye nyonga au makalio inafaa?

Hapana. Huuma, huacha doa la kahawia kwenye ngozi, na chuma hufyonzwa kutoka kwenye msuli kwa kasi isiyotabirika. Haipunguzi hatari ya mzio kwa lolote. Palipo na uwezo wa dripu haina nafasi tena.

14. Na sindano za vitamini B12?

B12 hutibu ukosefu wa B12. Ukosefu huo huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi na miguu kuwaka moto, dalili ambazo mtu anaweza kuziita miguu isiyotulia, tofauti ikiwa kwamba hazitulii kwa kutembea na hazichagui usiku kwa namna ileile. Kipimo kikionyesha upungufu, sindano ni za haki kabisa. Kuzipiga bila kipimo ni kupoteza fedha na muda, na wapo wanaozunguka na sindano hizo kwa mwaka mzima bila mtu kuwapima feritini.

15. Sumu ya botulinumu hutuliza miguu?

Majaribio yaliyofanyika yalikuwa na wagonjwa wachache, na matokeo yake yanapingana: mengine hayakuona faida, mengine yaliona nafuu ya wiki chache. Dawa hii hulegeza msuli, ilhali ugonjwa hauko kwenye msuli, na dozi kubwa huweza kudhoofisha mguu. Kwa sasa si tiba ya kawaida ya ugonjwa huu.

16. Vipi kuhusu sindano za mgongoni, na zile za kukausha mishipa iliyovimba?

Sindano ya steroidi karibu na uti wa mgongo hulenga mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni, ambao huleta maumivu yanayoshuka mguuni. Mtu aweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja, na sindano ikituliza maumivu hayo miguu itabaki na hamu yake ya kuchezachezwa usiku.

Sindano za kukausha mishipa ya damu iliyovimba zina hadithi tofauti kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 uliripoti kwamba wengi waliodungwa walipata nafuu ya haraka, lakini haukuwa na kundi la kulinganisha, na katika ugonjwa ambao hata dawa ya uongo huleta nafuu kubwa hilo ni pengo lisilozibika kwa maneno. Mwenye mishipa iliyovimba na inayohitaji kutibiwa kwa sababu zake aitibu. Asiyekuwa nayo hana la kutafuta huko.

## Hali za pekee

17. Mimi ni mjamzito. Naweza kupewa dripu?

Ugonjwa huu huwapata wajawazito wengi, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi huondoka ndani ya wiki chache baada ya kujifungua. Kwa kuwa dawa nyingi za miguu hazipendelewi wakati wa ujauzito, chuma ndiyo tiba ya kwanza. Huanza kwa vidonge. Dripu hutolewa vidonge vikishindikana au upungufu ukiwa mkubwa, lakini si katika miezi mitatu ya kwanza.

18. Nasafishwa damu kwa sababu ya figo. Nini kinabadilika?

Viwango vinabadilika. Kwa mgonjwa wa hatua ya mwisho ya figo, mwongozo uliotajwa huruhusu sukrosi ya chuma iwapo feritini iko chini ya 200 na asilimia ya transferini chini ya 20, na dawa huweza kupitishwa kwenye mashine wakati wa kusafishwa bila kuchomwa upya. Uamuzi ni wa daktari wa figo, ambaye anapaswa kuelezwa kwamba miguu nayo inasumbua, kwa sababu mara nyingi hachukui hatua kwa lisilosemwa.

19. Na mtoto?

Kwa mtoto kiwango kinachotazamwa ni feritini iliyo chini ya 50, na tiba huanza kwa chuma cha kunywa, kwa dozi inayopigwa hesabu kwa uzito. Dripu huachiwa daktari bingwa wa watoto.

20. Nitafanyiwa upasuaji. Kuna sindano za kuepuka?

Zipo, na hili lisemwe kabla ya siku yenyewe. Sindano nyingi za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi na promethazini, huzuia dopamini, na huweza kumletea mgonjwa usiku wa mateso akiwa amelazwa na haruhusiwi kunyanyuka. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, hufanya hivyohivyo, na pia dawa za mzio zenye kuleta usingizi. Ondansetroni haigusi dopamini, kwa hiyo ni mbadala mzuri wa kuzuia kutapika.

Waeleze wataalamu wa ganzi na usingizi mambo matatu: kwamba una ugonjwa huu, dawa unazotumia na saa zake, na kiasi cha damu unachotarajiwa kupoteza kilinganishwe na akiba yako ya chuma. Baadhi ya wagonjwa waliochomwa ganzi ya uti wa mgongo hupata dalili kwa muda baada ya upasuaji, hata wale ambao hawakuwa nazo kabla, na kwa kawaida huisha zenyewe. Mgonjwa asiyeweza kumeza dawa zake jioni ile anaweza kupewa dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni kwa sindano, ambayo hutuliza miguu pia, na akisharuhusiwa kumeza arudishiwe dawa zake za kawaida usiku huohuo.